Hawa wanaoishtaki polisi Marekani: wanadai haki au wanasaka mkwanja?

#1 Kifaranga Mtoro
Wakuu salaam. Naomba nitoe la moyoni, mkinipopoa mawe sawa tu.

Kila nikifungua simu nakutana na picha ile ile. Familia imejipanga mbele ya jengo la mahakama huko Marekani, mama analia, katikati kasimama wakili wa suti kali, maikrofoni kumi mdomoni. Polisi kampiga mtu, au kaua mtu, na kabla matanga hayajaanuliwa wakili keshataja mamilioni ya dola. Sitetei polisi anayeonea watu, hilo liwe wazi. Ila huwa najiuliza uchungu na hesabu za hela vinakaaje kikao kimoja. Mwaka 2021 jiji la Minneapolis lilikubali kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27. Milioni 27! Hapo ni haki inatafutwa, au kuna watu wamegundua kisima?

Na mawakili nao, mbona sura ni zile zile kila jimbo? Leo yuko kusini, kesho kaskazini, kama bendi ya harusi.

Nijibuni, matusi wekeni pembeni.

#2 Chumvi Nyingi
Siti ya mbele kabisa. Leo patachimbika.

#3 Nahodha77
Mleta uzi umesema wanachowaza wengi wakaogopa kukiandika. Mtu ana rekodi ndefu polisi, kaambiwa simama kakimbia, kakamatwa akarusha ngumi, akarudishiwa. Kesho yake yuko mbele ya kamera na kola ya shingo. Kesho kutwa wakili anamwita "baba wa familia, mtu wa ibada". Halafu anayelipa ni mlipa kodi ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwake.

Hawa ndio ndugu zao wale wa kahawa ya moto ya mgahawa wa McDonald's. Umemwagikiwa kahawa, unapewa mamilioni.

#4 Bint Sheria
Nahodha, kaka, hiyo ya kahawa ndiyo mfano mzuri wa tunavyolishwa habari nusu. Aliyeungua alikuwa bibi wa miaka 79, aliungua hadi tabaka za ndani za ngozi, akalazwa na kuwekewa ngozi nyingine. Mwanzo kabisa aliomba dola 20,000, McDonald's wakamjibu 800. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, ilipotoa hukumu mwaka 1994 ikataja milioni 2.7 kama fidia ya adhabu, jaji akazishusha sana, mwisho wakamalizana kimya kimya. Kilichobaki kwa watu ni "kahawa" na "mamilioni". Ngozi ya bibi haikumbukwi na mtu.

Turudi kwa mleta uzi. Mimi si wakili, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili huku Marekani, nashughulika na majalada. Mambo mawili ya haraka.

Kwanza, hayo malipo ya milioni 27 yaliidhinishwa na baraza la jiji tarehe 12 Machi 2021, wakati juri ya kesi ya jinai ya Derek Chauvin, askari aliyemuua Floyd, bado inachaguliwa. Jaji ikabidi awarudie wajumbe waliokwisha kuchaguliwa, awahoji upya kama habari ile imewagusa. Wawili wakaondolewa. Ukisema hela ya madai inaweza kuharibu hesabu za jinai, hapo nakuunga mkono. Lakini aliyepiga kura siku ile ni jiji, familia haikuwa na kura.

Pili, wakili wa kesi hizi mara nyingi halipwi mpaka ushinde. Akishinda anachukua theluthi, wengine mpaka asilimia 40, na gharama zinakatwa juu yake. Akishindwa, hela aliyowalipa madaktari na wataalamu wa kuja kutoa ushahidi imeliwa na maji. Ndiyo maana sura ni zile zile, wenye ubavu wa kusubiri miaka minne bila kulipwa si wengi. Simu zikipigwa ofisini kumi, tunachukua moja. Tunaangalia kama kuna video, kama kuna jeraha linaloonekana kwenye picha, kama mteja ana rekodi, kama anaweza kukaa kizimbani saa tatu bila kupandisha hasira. Inauma kusema, ila ndivyo kazi inavyokwenda.

#5 Nahodha77
Kwa hiyo mnachagua wanaouzika. Asante kwa kuthibitisha, dada.

#6 Bint Sheria
Tunachagua wanaoaminika, kwa sababu huko mbele kuna watu wanane wa juri wenye mawazo kama yako.

#7 Chumvi Nyingi
Goli!

#8 Jiwe la Pembeni
Tatizo lote ni ile sheria wanayoitumia, inaitwa 1983. Ilipitishwa mwaka huo, enzi za Reagan, ikafungulia watu wote mlango wa kushtaki serikali. Kabla ya hapo polisi Marekani waliheshimika.

#9 Bint Sheria
Hapana. 1983 ni namba ya kifungu, mwaka haumo. Sheria yenyewe ni ya 1871, iliwekwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya Ku Klux Klan, genge la wazungu lililoshambulia weusi, kwa kuwa masherifu wa kusini walikuwa ama wanatazama pembeni ama ni wanachama. Ikalala usingizi karibu miaka 90. Mwaka 1961 ndipo Mahakama ya Juu ilipoiamsha, kesi ya Monroe dhidi ya Pape: polisi wa Chicago walivamia nyumba alfajiri bila hati, wakawasimamisha baba na mama sebuleni uchi, watoto wanatazama. Hata hapo jiji lenyewe lilikuwa haligusiki. Ilifika 1978 ndipo wakasema jiji nalo linashtakika, ila uonyeshe ni sera yake au desturi yake. Kwamba liliajiri askari mkorofi, hiyo pekee haitoshi.

#10 Jiwe la Pembeni
Nimeingia chaka, nakubali.

#11 Chumvi Nyingi
Reagan kasingiziwa mchana kweupe. Naye afungue kesi ya madai.

#12 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, mnazungumza kama mambo haya yameanza na simu za kisasa. Rodney King alipigwa na askari polisi Machi 1991, mtu mmoja akapiga picha za video kutoka kwenye roshani yake, dunia nzima ikaona. Aprili 1992 juri ikawaachia askari wale kwenye mashtaka ya jimbo, Los Angeles ikawaka moto. Baadaye wawili wakafungwa na mahakama ya shirikisho. Haya ndiyo mnayoyajua.

Msilolikumbuka ni shauri la madai la 1994. Juri ilisema jiji limlipe dola milioni 3.8. Wakafika sehemu ya pili, askari wenyewe watoe nini mfukoni kama adhabu? Juri ile ile ikasema hawatoi hata senti. Kwamba mtu aliumizwa, wamekubali. Kwamba mwenye mkono aguswe, wamekataa. Hiyo ndiyo picha ya mwananchi ninayemwona kwenye uzi huu.

#13 Mama Wawili Ughaibuni
Shikamoo Mzee. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo naandika.

Mimi nimekaa kwenye juri ya kesi ya namna hii. Mji siutaji wala majina. Tulikuwa wanane, siku tano.

Nianze na siku ya kuchaguliwa. Jaji aliuliza, nani hapa anaona hawezi kuliamini neno la polisi? Mikono ikanyooka, wanne au watano hivi. Wakaulizwa maswali mawili matatu, wengi wakarudishwa nyumbani. Akauliza tena, nani anaona hawezi kumpa haki mtu anayeishtaki polisi akidai fedha? Hakunyoosha mtu. Mimi nami sikunyoosha. Lakini nilikuwa nimeingia nalo mle ndani, sasa hivi ndiyo naweza kulisema. Nilipomwona tu mdai nilijiambia, huyu kaja kuchuma.

Alikuwa amevaa shati jipya, mistari ya mikunjo ya kwenye pakiti bado iko kifuani. Nililitazama shati lile siku nzima. Nikawaza, kanunuliwa na wakili.

Naingia zamu, nitarudi.

#14 Chumvi Nyingi
Mama usituache njiani! Mlimpa ngapi?

#15 Kijiti cha Mvumo
Mlimpa ngapi mama?

#16 Jiwe la Pembeni
Na hao wa juri si ndio wazee wa baraza? Wanamshauri tu jaji.

#17 Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba binti yangu, tunakusubiri. Jiwe, hapana. Mzee wa baraza anatoa maoni, jaji akitaka anayaweka kando. Hawa wa juri ndio wanaoamua nani mkweli na alipwe kiasi gani. Ndiyo maana shaka yao ina uzito kuliko shaka yangu na yako ya kijiweni.

#18 Dereva wa Masafa
Habari zenu. Mnaosema mawakili wanawinda wateja, nipeni namba ya huyo anayewinda, maana mimi nilimtafuta sikumpata.

Niliwahi kusimamishwa usiku, taa ya nyuma ya gari haiwaki. Maneno mawili matatu, nikashushwa, nikalazwa kifudifudi. Pingu zikabanwa mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Wiki sita nilikuwa nafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Nikapiga simu ofisi tatu za mawakili. Mbili hata hazikunirudia. Ya tatu nilipewa bwana mmoja mpole sana, akaniuliza swali moja, "Kuna video?" Nikasema hapana. Akasema pole sana, nakutakia siku njema.

Na juu yake nikashtakiwa kukaidi kukamatwa. Nikaambiwa nikikiri nitalipa faini ndogo yaishe. Nikakiri, nina watoto, sina muda wa mahakama.

#19 Bint Sheria
Pole kaka. Huko kukiri ndiko kulikokufungia. Tangu 1994, kesi ya Heck dhidi ya Humphrey, huwezi kushinda madai ambayo yangemaanisha kuwa hatia yako ya jinai ilikuwa batili. Si kila mara inakufunga kabisa, kuna mianya, lakini wakili akiona "alikiri kukaidi" kwenye jalada anaweka kalamu chini. Waendesha mashtaka wanalijua hilo vizuri sana.

#20 Nahodha77
Pole Dereva, hiyo siipingi. Lakini utaona mimi na wewe hatubishani, wewe una kesi ya kweli bila wakili, wao wana mawakili bila kesi ya kweli.

Mfano mmoja na hapa msinikwepe. Abner Louima, Brooklyn, 1997. Alidai askari walimwambia maneno ya kwamba sasa ni zama za Giuliani, yule meya wa New York. Nchi nzima ikashika kichwa. Miezi michache baadaye akakiri mwenyewe kwamba maneno yale hayakusemwa. Mtu akishanidanganya moja, la pili nalipokeaje?

#21 Mzee wa Kumbukumbu
Nahodha umeshika mkia umemwacha ng'ombe. Ni kweli kauli ile aliifuta. Sasa malizia: mwaka 1999 askari Justin Volpe, katikati ya kesi, alisimama mwenyewe akakiri alichomfanyia Louima kwenye choo cha kituo. Sitakiandika hapa, kuna watoto wanasoma. Akapewa miaka 30. Mwaka 2001 Louima akalipwa milioni 8.75, na katika hizo milioni 1.625 zilitoka kwenye chama cha askari chenyewe, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo.

Kwa hiyo yale maneno yalikuwa ya uongo, na utumbo uliochanika ulikuwa wa kweli. Vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja. Ukitaka mdai asiye na doa hata moja, utamsubiri mpaka kiama.

#22 Nahodha77
Mimi nasema doa lina bei yake mahakamani. Usinitafsiri vingine.

#23 Kijiti cha Mvumo
Mimi nina maelezo mengine kabisa, na yako kwenye tarakimu ya kwanza. Magazeti yanaandika kiasi kilichodaiwa kwa herufi kubwa, kilicholipwa kwa herufi ndogo miaka minne baadaye. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, alipigwa risasi mlangoni kwake New York mwaka 1999. Risasi 41, zilizompata 19, na alichokuwa nacho mkononi ni pochi. Familia ilidai milioni 61. Ile 61 haikuokotwa hewani: milioni 20, na milioni moja kwa kila risasi. Watu wakasema tamaa hiyo. Mwaka 2004 wakamalizana kwa milioni 3. Nani kati yenu alikuwa anaijua hiyo 3?

#24 Kifaranga Mtoro
Mimi nilikuwa naijua 61 tu. Hapo umenibana.

Swali dogo. Hizi hela zinatoka wapi hasa? Askari anakatwa mshahara?

#25 Bint Sheria
Thubutu. Joanna Schwartz, mwalimu wa sheria pale chuo kikuu cha UCLA, mwaka 2014 alichapisha utafiti kuhusu majeshi ya polisi 44 makubwa, miaka ya 2006 hadi 2011. Katika kila dola iliyolipwa kwa wadai, askari wenyewe walichangia asilimia 0.02. Asilimia 99.98 zililipwa na miji na serikali zao.

#26 Nahodha77
Mlipa kodi. Nilisema post ya tatu.

#27 Jiwe la Pembeni
Umesema, lakini umempiga asiyehusika. Kama mlipa kodi anaumia, amkasirikie anayepiga watu kwa dhamana yake, kwa nini amkasirikie aliyepigwa?

#28 Nahodha77
Kwa sababu aliyepigwa ndiye anayeleta ankara.

#29 Chumvi Nyingi
Hii nayo goli, tuseme ukweli. Moja moja.

#30 Mpiga Ramli
Wote mnazunguka mbuyu. Watu hawamwamini mdai kwa sababu wanaogopa. Nikikubali kwamba yule alipigwa bure, maana yake na mimi kesho naweza kupigwa bure, nikiwa sijafanya lolote, nikitoka kazini. Hiyo ni habari ya kukosesha usingizi. Nikimtafutia kosa, alikimbia, alijibu jeuri, alikuwa na bangi mfukoni, nalala. Hela wala haihusiki, hela ni kisingizio tu.

#31 Kijiti cha Mvumo
Saikolojia ya kijiweni hiyo. Ingekuwa woga, mbona watu hao hao wanamhurumia mdai mpaka siku anapofungua kesi? Akiwa maiti ni shujaa, familia ikitaja hela inakuwa matapeli. Kinachobadilika hapo ni hela.

#32 Mpiga Ramli
Hata hao mashujaa wanatafutiwa kosa wakiwa bado hawajazikwa, Kijiti. Wewe unasoma magazeti gani?

#33 Jiwe la Pembeni
Nimerudi, nilienda kusoma ili Bint Sheria asinicheke tena. Kuna kesi inaitwa Riverside dhidi ya Rivera, 1986. Walalamikaji walipewa dola 33,350. Mawakili wao wakalipwa 245,456 na senti 25. Mara saba! Na Mahakama ya Juu ikasema sawa. Sasa hapo nani alikuwa mwenye kesi?

#34 Bint Sheria
Hongera, safari hii mwaka umepatia.

Polisi wa Riverside walivamia sherehe nyumbani kwa watu mwaka 1975 bila hati, mabomu ya machozi, watu wakakamatwa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevunjika mgongo, kwa hiyo fidia ni ndogo. Theluthi ya ndogo ni nini? Wakili gani atakesha miaka kwa hiyo? Bunge lao lilishaliona hilo, mwaka 1976 likaweka sheria kwamba aliyeshindwa alipe gharama za wakili wa aliyeshinda. Mara saba imetoka huko, na kama jiji lingemalizana mapema isingefika.

Na mwaka ule ule wa 1986 mahakama hiyo hiyo ikaruhusu kitu kingine: jiji linaweza kumwambia wakili, tutampa mteja wako anachotaka, ila wewe usamehe ujira wako wote. Utafanyaje? Mteja ndiye bosi wako. Hiyo haipigiwi makofi mitandaoni.

#35 Nahodha77
Machozi ya wakili. Nimefuta la kwangu kwa leso ya hariri.

#36 Bint Sheria
Basi nikupe la kufutia lingine. Ukishamshtaki askari binafsi kuna kinga, wanayoipata kama hakukuwa na hukumu ya awali iliyoweka wazi kwamba jambo hilo hasa ni kuvunja katiba. Fresno, California: wenye mali walidai kwamba askari waliokwenda kupekua kwa hati walitia mfukoni zaidi ya dola 225,000, fedha taslimu na sarafu za thamani. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema askari wangepaswa kujua kuwa kuiba ni vibaya kimaadili, lakini hapakuwa na hukumu iliyowaambia wazi kuwa wizi wa mali iliyokamatwa kwa hati unavunja katiba. Kinga ikasimama. Hata kwenda kuuliza juri kama kweli waliiba haikuwezekana.

#37 Chumvi Nyingi
Subirini kwanza. Yaani mwizi kaachiwa kwa kuwa hakuna mwizi aliyemtangulia?

#38 Bint Sheria
Mtuhumiwa wa wizi, Chumvi. Hapo ndipo utamu ulipo, hatutajua.

#39 Mzee wa Kumbukumbu
Niwape hadithi moja ndefu kidogo, wenye haraka warukeni.

Februari 1982, Chicago, askari wawili waliuawa kwa risasi. Akakamatwa Andrew Wilson. Aliwaua, juri mbili kwa nyakati tofauti zilimtia hatiani, hilo halina mjadala. Baada ya kukamatwa akawa mikononi mwa kikosi cha kamanda Jon Burge. Akatoka na majeraha ya kuungua kifuani na pajani, na alama kwenye masikio ambazo alisema ni za vibanio vya umeme. Daktari wa gereza alimwandikia mkuu wa polisi barua, chunguzeni hili. Barua ikapita ofisi mbili tatu, ikalala.

Wilson akafungua shauri la madai. Fikirini: muuaji wa polisi anadai fidia kwa polisi. Wakili wa namna gani anachukua kesi hiyo? Nahodha hapa angeandika kurasa. Kesi ikasikilizwa 1989. Juri ya kwanza ikashindwa kukubaliana. Ya pili ikatoa jibu la ajabu: haki zake zilivunjwa, na jiji lilikuwa na desturi ya kuwaachia askari wawatese wanaoshukiwa kuua polisi, lakini yaliyompata Wilson hayakutokana na desturi hiyo. Muelewe mnavyoweza.

Lakini wakati kesi ile inaendelea, mawakili wake walianza kupokea barua zisizo na jina, ndani ya bahasha za idara ya polisi yenyewe. Kuna mtu ndani alikuwa anawaelekeza, ongeeni na fulani, naye yalimkuta hayo hayo. Wakafuata. Wakapata mmoja, wakapata wa pili, mwisho ikajulikana ni zaidi ya mia. Watu weusi karibu wote, wengi wana rekodi, wengine walikuwa wanasubiri hukumu ya kifo kutekelezwa kwa maungamo yaliyotolewa hivyo. Burge akafukuzwa kazi 1993. Kumshtaki kwa mateso muda ulikuwa umeshapita. Alichotiwa hatiani nacho, 2010, ni kusema uongo kwa kiapo, kwenye majibu ya maandishi aliyotoa katika shauri la madai la mtu mwingine. Miaka minne na nusu. Pensheni yake akaendelea nayo. Mwaka 2015 jiji likatenga milioni 5.5 kwa walioteswa.

Naomba mlitazame hili jambo moja. Mdai asiyefaa kuliko wote, asiyestahili huruma ya mtu, ndiye aliyefungua mlango. Ofisi ya dada Bint leo isingempokea.

#40 Bint Sheria
Isingempokea, Mzee. Simu ingekatwa kwa adabu.

#41 Nahodha77
Nimeisoma mara mbili. Sina la kusema juu ya hao mia. Juu ya Wilson kudai fidia, moyo wangu bado unakataa, na sitaki kudanganya hapa ili nionekane mtu mwema.

#42 Kijiti cha Mvumo
Chicago hiyo hiyo, ongezeni Laquan McDonald. Oktoba 2014, risasi 16. Polisi walisema aliwaendea na kisu. Aprili 2015 jiji likaidhinisha milioni 5 kwa familia, kesi ikiwa hata haijafunguliwa mahakamani. Mimi niliposikia nikasema, hawa wametulizwa. Novemba mwaka huo mahakama ikaamuru video itolewe, kijana anaonekana anawaacha askari, hawafuati. Askari aliyefyatua alitiwa hatiani 2018.

Miezi saba ile kati ya hela na video ndiyo inayozaa shaka. Mtu kalipwa, hakuna aliyekiri kosa, picha imefichwa. Mwananchi ajaze pengo na nini? Analijaza na tamaa ya familia.

#43 Mpiga Ramli
Na juri wanaijaza hivyo hivyo. Florida, hukumu ya mwaka 2018. Mtu alipigwa risasi ndani ya gereji yake, polisi walikuja kwa malalamiko ya muziki mkubwa. Alikuwa amelewa, bastola ilikutwa mfuko wa nyuma, haina risasi. Juri ikawapa dola moja ya mazishi, na dola moja moja kwa watoto wake watatu. Dola nne. Halafu ikasema marehemu ana makosa kwa asilimia 99, sherifu moja. Piga hesabu.

#44 Chumvi Nyingi
Senti nne.

#45 Kifaranga Mtoro
Kisima gani hicho tena. Nimefungua uzi nikiwa na swali moja, sasa ninayo sita. Mama wa juri hajarudi tu?

#46 Mama Wawili Ughaibuni
Nimerudi, nimetoka zamu sasa hivi. Nimesoma yote.

Mdai alisema alipigiwa goti ubavuni akiwa ameshalala chini. Askari akasema alimshika tu mkono. Alikwenda hospitali siku ya tatu, mbavu mbili zina ufa. Kwenye chumba chetu kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mtu mzuri, alikuwa anatuletea pipi. Akasema mtu aliyeumia hasubiri siku tatu. Likakaa pale mezani, na kila tulichojadili baadaye kilikuwa kinazunguka siku tatu.

Mdai alikuwa ameshaeleza. Alisema hana bima na wikendi ile alikuwa na zamu mbili. Tulimsikia. Nilipofungua daftari langu nione nimeandika nini siku hiyo, nilikuta nimeandika "shati".

Ijumaa mchana tulikuwa saba kwa mmoja. Yule mmoja ni mimi. Jaji alishasema lazima tukubaliane wote. Saa kumi kasoro nikakubali.

Mnaouliza tulimpa ngapi: fomu ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una swali, je, askari alitumia nguvu kupita kiasi? Mkijibu hapana, imeandikwa pale, msiendelee. Sehemu ya kuandika kiasi iko ukurasa wa pili. Hatukuufungua.

#47 Dereva wa Masafa
Mama, video ilikuwepo?

#48 Mama Wawili Ughaibuni
Ilikuwepo, ya kifuani kwa askari, dakika nne hivi. Ila walivyoanguka kamera ilichomoka ikalalia majani. Inaonyesha majani na kiatu. Sauti inasikika.